Daktari wa Macho ya Chura

Ndugu yangu mdogo ni daktari wa macho. Nakuomba usivue miwani ukaja kupanga foleni. Wengi walishapanga, na wote walirudi kwao na macho yaleyale waliyokuja nayo. Ndugu yangu ni daktari wa macho ya chura. Tena si chura mzima, kwa sababu chura mzima huruka na kusumbua watu. Yeye alisomea seli zilizo nyuma ya jicho la chura, zile zinazopokea mwanga, zikiwa zimeshatolewa kwa mwenyewe na kuwekwa kwenye kisahani cha maabara. Alizisomea ng'ambo miaka mingi, akarudi Nyeri mwanzoni mwa miaka ya themanini akiwa na koti refu la sufu, cheo kipya, na tabia ya kunywa chai bila maziwa.

Wakati huo mama yetu alikuwa na jicho moja. La kushoto lilikufa kimyakimya, sisi tukidhani anazidi kuwa mzembe, maana alikuwa akigonga milango na kumwaga chai. Nilipompeleka hospitali ya mjini, ofisa wa macho, mtu wa magharibi mwa nchi aliyezungumza kama mtu anayekimbilia basi, alimtazama kwa kurunzi yake ndogo akasema ni presha ya macho. Jicho, alisema, huwa na maji ndani yake, na maji yakizidi hubana mshipa wa nyuma mpaka ukafa, na ukishakufa haufufuki, hata mkikesha mkiomba. La kulia bado lilikuwa zima. Akatoa kichupa cha dawa ya matone, asubuhi tone, mchana tone, jioni tone, maisha yote.

Mama aliichukia dawa ile kuliko alivyowachukia wezi wa kahawa. Ilimchoma, ikamletea maumivu ya paji la uso, na jioni ilimfanya aone dunia imefifia kabla ya saa yake, kwa sababu hubana mboni ikawa ndogo kama tundu la sindano. Ofisa alikuwa ametuambia hayo yote mapema. Lakini aliiweka, kwa sababu mimi ndiye kifungua mimba wake, mwalimu wa shule ya msingi, na nilijua kusimama juu ya mtu mpaka afanye kazi aliyopewa. Hata nilipohamishiwa shule moja karibu na Kagio, kwenye joto na mbu, nilikuwa nikirudi nyumbani Ruring'u kila Jumamosi na kukiinua kichupa dhidi ya dirisha kuona kama kinapungua.

Basi bwana mkubwa akarudi, na sherehe ya shukrani ikafanywa. Kina mama wa kanisa walipika mukimo, viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja, na chai ya kutosha wilaya nzima. Wanaume walichinja mbuzi nyuma ya nyumba, wakajifungia huko na moshi wao kama kawaida yao, wakituletea sisi mbavu kwa huruma. Mjomba, kaka yake mama, alijipa kazi ya kuendesha shughuli kwa sababu alikuwa na sauti na hakuna aliyekuwa na nguvu za kumnyang'anya. Alimtambulisha ndugu yangu kuwa ndagitari wa maitho, daktari wa macho, wa kwanza kutoka mteremko huu. Kina mama walipiga vigelegele. Mzee wa kanisa aliomba, akamshukuru Mungu aliyeona nyumba yenye jicho bovu akailetea fundi. Mama alikuwa ameketi kando ya mwanawe, kitambaa cheupe kichwani, mkono juu ya goti lake, akitabasamu kuelekea upande wake wa kushoto, ambako kwa kweli hakukuwa na mtu.

Hapo ndugu yangu angeweza kusema neno moja. Badala yake aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu uliokomaa. Waswahili wamesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa amesifiwa tangu asubuhi.

Alipopewa nafasi ya kusalimia, akaomba aletewe kichwa cha mbuzi. Wanaume walishtuka, kwani supu ilikuwa imeshapangiwa. Alichukua kisu cha jikoni, akalitoa jicho moja kwa ustadi, nitasema ukweli, akalipasua hadharani juu ya sinia ya mukimo. Ndani mlikuwa na weusi, na juu ya weusi kipande cha rangi ya buluu na kijani kiking'aa kwenye jua kama mgongo wa mende wa kahawa. Watoto walisukumana. Ndugu yangu alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake tangu alipokuwa akifundishwa kuendesha baiskeli.

Akaanza kueleza. Nilikuwa karibu na sufuria ya chai, kwa hivyo nilisikia yote, na nilimtaka anirudilie maelezo siku nyingine mpaka nikaelewa. Sasa nakueleza bila malipo. Kuna utando mwembamba nyuma ya jicho, na ndani yake seli zinazosubiri mwanga. Ndani ya seli hizo mna kalsiamu, hiihii ya maziwa na mifupa. Mwanga ukiingia, kalsiamu hiyo hubadilika. Kama hupanda au hushuka, wakubwa wake kule ng'ambo walikuwa bado wanagombana, watu wazima wenye wajukuu. Sasa, ukitaka kujua dawa fulani inafanya nini kwenye seli, na dawa yenyewe haikubali kuyeyuka kwenye maji ya kawaida, unaiyeyusha kwanza kwenye kiowevu kingine, maji ya kemikali, halafu unadondosha kwenye kisahani. Wenzake wote walifanya hivyo. Seli zikawa dhaifu mbele ya mwanga, kalsiamu ikavurugika, wakaandika kwamba dawa ina nguvu. Ndugu yangu ndiye aliyefikiria kudondosha yale maji ya kuyeyushia peke yake, bila dawa yoyote ndani. Seli zikawa dhaifu vilevile. Dawa ilikuwa imepewa sifa ya bure, na mhalifu alikuwa yule aliyeibeba. Kwa kuwamwagia wenzake unga namna hiyo, akapewa shahada ya juu kabisa.

Alieleza haya kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili, na Kikuyu cha mtoto wa miaka kumi na minane aliyeondoka nacho. Wazee walikuwa wakitazama sinia. Mjomba akaona ni wajibu wake kuokoa jahazi.

"Ndagitari anasema hivi," akatangaza. "Dawa haina makosa. Ile maji wanachanganyia dawa, hiyo ndio inaharibu macho. Amepima mwenyewe huko ng'ambo. Si ni hivyo, Ndagitari?"

Ndugu yangu alifikiri kidogo. Kwa muhtasari, haukuwa mbaya. Alikuja kuniambia kwamba hata profesa wake hakuwahi kuyasema kwa ufupi hivyo.

"Kwa kifupi, ni hivyo," akasema.

Watu wakapiga makofi. Kichwa cha mbuzi kikarudi kwenye supu, na jicho lake moja.

Wiki iliyofuata mteremko mzima ulikuwa umeelimika. Karani mstaafu aliyekuwa na dawa ya macho ya kuwasha aliimwaga kwenye shimo la choo. Mama mmoja wa kanisa alienda dukani kuulizia dawa ya macho ya unga, akakasirika sana aliponyimwa. Mbele ya lango letu watu walijipanga asubuhi, wengine wametoka mbali kama Murang'a wakafikia kwa jamaa zao, kila mmoja na jicho lake mkononi, kama kusema. Ndugu yangu aliwatazama, akasema "mm", akawaambia waende hospitali. Wao waliteremka wakisema kwamba Ndagitari ameona shida lakini ni mtu wa siri.

Mimi nilikuwa Kagio nikifundisha mgawanyo. Kila Jumamosi nilikiinua kichupa dirishani, na kila Jumamosi kilikuwa kimepungua sawasawa. Nilimsifu mama. Msimu wa baridi ukaingia, ule wa ukungu unaokaa mpaka saa nne, na nikaanza kuona vitu. Mama alimimina uji pembeni ya kikombe. Alianza kugeuza shingo nzima kama kuku ili kuangalia kitu kilichokuwa mbele yake. Kanisani, mke wa mzee mmoja alimpa mkono kutoka kando, mkono ukabaki hewani, na yule mama akaondoka akiwa amenuna. Nilijiambia ni uzee. Uzee huwa tayari kubebeshwa kila kitu.

Jumamosi moja jioni nilikuta mbuzi wetu jike amesimama katikati ya uwanja. Wenzake walikuwa wameshaingia zizini. Huyu alinyoosha mguu, akaurudisha, akatingisha kichwa, akagonga kiguzo cha mlango, akarudi nyuma. Nikamwambia mama kuwa mbuzi ni mgonjwa.

"Si mgonjwa," mama akasema. Alikuwa ameketi mlangoni akimenya viazi kwa kupapasa. "Hiyo niliwekea dawa."

"Dawa gani?"

"Ile ya hospitali. Hii nimewekea, ile ingine sikuwekea. Ona sasa. Hii haioni jioni. Ile ingine inaona, imeingia yenyewe. Wewe ni mwalimu, niambie."

Mbuzi mmoja na dawa, mbuzi mmoja bila dawa, chakula kilekile, zizi lilelile. Ndugu yangu alipata koti la sufu kwa jambo kama hilo.

"Na wewe, mama? Wewe umeacha lini?"

"Tangu sherehe. Ati mtoto wangu asimame mbele ya watu, aseme hiyo maji inaharibu macho, halafu mimi mama yake niende ndani niweke? Watu watasema nini? Hata mama yake hamwamini?"

Nilimpenda mama yangu na jioni ile nilitamani kumpiga, na nilitamani zaidi kumpiga ndugu yangu, na kwa kuwa mama hapigwi na ndugu hakuwepo, nilimshika mbuzi pembe nikamwingiza zizini huku nikilia.

Jumatatu sikwenda Kagio. Nilimpeleka mama hospitali. Ofisa yuleyule alimfunika jicho lililokufa, akaketi mbele yake, akawa anasogeza kidole kutoka kando polepole, juu, chini, kushoto, kulia, akimwambia aseme akikiona. Alikuwa anakiona kikishafika karibu na pua ya ofisa. Yule bwana, aliyekuwa na haraka ya maisha yote, akarudia kipimo chote tangu mwanzo.

"Mama, umepoteza sana," akasema. "Umebaki na katikati tu, ni kama kuchungulia kwa tundu. Ulikuwa unaweka dawa?"

"Niko na kijana ni ndagitari wa macho," mama akajibu kwa heshima. "Amesema hiyo maji ya dawa ni mbaya."

"Kijana wako ni daktari wa macho? Yuko hospitali gani?"

Mama akanigeukia nimtajie hospitali.

"Ya vyura," nikasema.

Ofisa hakucheka, na namshukuru mpaka leo. Alieleza tena, taratibu safari hii: hiyo sehemu iliyobaki ndiyo iliyobaki, dawa haitarudisha kilichokwenda, italinda tu hicho kidogo, akiacha tena msimu mmoja, ataamka siku moja usiku usiishe. Akampa kichupa kipya. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akakitia mkobani kama mtu anayepokea kipeperushi cha dini ya wenyewe.

Njiani nilimuuliza kama ataweka. Akasema hataweka.

"Iliongewa mbele ya watu," akasema. "Kitu imeongewa mbele ya watu haitolewi jikoni. Yeye atoe mbele ya wale wale. Hapo nitaweka hata chupa mbili."

Na nilijua hatanii. Kwetu mtu akitukana mwenzake sokoni hamwombi msamaha nyuma ya boma, anarudi sokoni. Mama angekubali kupofuka kabisa kuliko kuonekana amemkana mwanawe kwa siri.

Nilimkuta ndugu yangu mjini, kwenye hoteli ya chai, amezungukwa na vijana waliosoma, akingojea kazi ya chuo kikuu Nairobi ambayo ilikuwa ikija tangu alipotua. Nilimwita nje. Nilimweleza habari ya mbuzi, akaanza kutabasamu. Nilipofika kwenye kidole cha ofisa, tabasamu likaganda.

"Lakini mimi nilikuwa naongea juu ya seli kwenye kisahani," akasema. "Si macho ya mtu mzima. Tena kile kiowevu si hiki cha dawa ya mama, yake ni maji tu na chumvi kidogo. Na kipimo kilikuwa kikubwa. Mtu yeyote angeelewa."

"Mtu yeyote nani? Mjomba?"

"Nilisema ukweli, dada."

"Ulisema ukweli wa chura kwa watu. Jumapili utasimama kanisani useme ukweli wa mama."

Alitazama barabara. Mganga hajigangi, wanasema, na watu humsamehe. Lakini huyu hakuweza kumganga mtu yeyote, na ilikuwa siri yake peke yake. Aliniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimeisikia tangu alipokuwa akivunja vyungu, "Nikisema siwezi kutibu macho, wataniona mimi nilienda kufanya nini huko miaka yote hiyo?" Mimi mwenyewe nilikuwa nikijiuliza.

Jumapili, wakati wa matangazo, mzee wa kanisa akamkaribisha Ndagitari. Alisimama na koti lake. Wote waliokula mbuzi walikuwepo. Akaanza, Mungu amsaidie, na maana ya neno "seli". Akapita kwenye tofauti ya kiungo kilichotolewa mwilini na kiungo kilicho mwilini. Akagusia kipimo. Mjomba alikuwa ameshainuka nusu ili afupishe. Watoto walianza kulala. Nilikuwa nimeushika ukingo wa benchi nikiona kwamba ataeleza mpaka mama awe kipofu.

Mama ndiye aliyesimama. Mwanamke hakatizi mtu wakati wa matangazo kanisani kwetu, lakini alisimama, akageuza shingo huku na huku mpaka akampata kwenye lile tundu lake.

"Mtoto wangu," akasema, "wewe unaweza kutibu jicho yangu?"

Ndugu yangu alifungua mdomo, na nikaona maneno yote marefu yakija, halafu nikaona yakirudi.

"Siwezi, mama."

"Na huyo wa hospitali, mwenye alinipatia maji?"

"Anaweza kulinda hiyo imebaki. Weka dawa yake. Mimi sijui macho ya watu. Najua ya vyura."

"Basi umesema," mama akasema. "Mbuzi tulikula bure, lakini ilikuwa tamu."

Walicheka mpaka mzee wa kanisa akagonga meza. Mjomba alicheka kuliko wote, kwa sauti ya mtu anayetumaini kwamba hakuna atakayekumbuka nani alifupisha nini. Karani mstaafu hakucheka. Alitoka nje akiwa na haraka, nadhani kuelekea hospitali. Ndugu yangu aliketi. Masikio yake yalikuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimwonea huruma, si nyingi.

Jioni ile alisema ataweka dawa yeye mwenyewe. Mama aliketi kwenye kiti cha mlangoni, kichwa nyuma. Huyu ni mtu aliyekuwa akichoma seli moja ya chura kwa sindano ya kioo isiyoonekana kwa macho, mkono usitikisike. Tone la kwanza lilimwangukia mama shavuni. La pili likaingia kwenye kitambaa. Nilitaka kumpokonya kichupa, nikaona uso wake, nikaacha. Alikuwa ameinama juu ya jicho lile, karibu kabisa, akilitazama, na nilielewa kwamba tangu arudi alikuwa ametazama macho ya mteremko mzima isipokuwa hilo.

Tone la tatu liliingia. Mama akafumba, akakunja paji la uso kwa maumivu, akangoja. Ndugu yangu alisogea pembeni kufuta machozi yake asionekane. Mama akafumbua jicho, akaanza kugeuza shingo, polepole, upande huu na upande ule, mkono wake ukipapasa hewa.

"Uko wapi?" akauliza. "Simama hapa mbele. Ukienda kando unapotea."